Mick Harvey: mtu aliyekalia kila kiti kilichobaki wazi kwenye bendi (uzi mrefu)

#1 Nyuzi Sita (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu, leo nimeamua kuushusha wote. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai yake aisogeze karibu.

Nataka tumzungumzie Mick Harvey wa Australia. Jina lake wengi hapa hawalijui, lakini masikio yao huenda yanamjua. Shika albamu yoyote ya Nick Cave and the Bad Seeds iliyorekodiwa studio kati ya 1984 na 2008: yumo. Shika *Let England Shake* ya mwimbaji wa kike wa Uingereza, PJ Harvey: yumo pia (hawana undugu wowote, majina yamegongana tu). Tazama ile filamu ya Wim Wenders ya mwaka 1987 kuhusu malaika wa Berlin, *Der Himmel über Berlin*. Ndani yake kuna bendi mbili zinapiga jukwaani, kila moja kwa wakati wake, na jamaa huyu yumo katika zote mbili.

Mimi ni mpiga gitaa la ridhimu. Waliopitia muziki wa dansi wanaijua nafasi hiyo. Mwimbaji anatuzwa, mpiga solo anatuzwa, mpiga ridhimu anaushikilia wimbo usianguke halafu usiku ukiisha anakunja nyaya. Ndiyo maana habari za mtu huyu zimenikaa moyoni.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1958 huko Rochester, mji mdogo wa jimbo la Victoria, baba yake akiwa kasisi wa Kianglikana. Alisoma Caulfield Grammar, Melbourne, na hapo shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakutana na Nick Cave, ambaye ndiye mwimbaji wao, na mpiga dramu Phill Calvert. Baadaye akaja Tracy Pew na besi lake. Bendi ya wanafunzi ikageuka kuwa The Boys Next Door. Mwaka 1978 akaongezeka Rowland S. Howard, mpiga gitaa mwembamba aliyekuja na wimbo "Shivers" aliokwisha kuutunga akiwa na miaka 16. Albamu ya kwanza, *Door, Door*, ikatoka 1979. Mwaka 1980 wakapanda ndege kwenda London, na jina likawa The Birthday Party.

Kwa ambao hawajaupitia muziki huu: panki ililipuka katikati ya miaka ya 1970, nyimbo fupi, kodi tatu za gitaa, hasira tupu. Waliofuata nyuma waliibeba hasira ile ile lakini wakaanza kuchezea besi, ukimya, midundo iliyopinda, na ala ambazo wapenda panki wa awali wasingezigusa. Hiyo ndiyo posti-panki. The Birthday Party walikuwa kwenye ncha kali kabisa ya kundi hilo.

Nikirudi nitaeleza mambo ya viti, maana hapo ndipo penye utamu.

#2 Tumba Kavu

Nimeshaweka kambi hapa mkuu. Shusha.

#3 Nyuzi Sita

Asante Tumba. Twende.

Hadi mwanzoni mwa 1982 Harvey alikuwa mpiga gitaa, na vinanda pale inapobidi. Mwaka huo bendi ikaanza kupasuka. Tracy Pew alifungwa jela Australia, ikabidi atafutwe wa kushika besi kwa muda, na mmoja wa waliosaidia ni Barry Adamson wa kundi la Magazine. Kisha Phill Calvert akaondolewa. Bendi ikahama London, ikaenda Berlin Magharibi. Nani apige dramu?

Hawakutafuta mtu. Harvey aliliweka gitaa chini akaketi kwenye dramu. Sikilizeni santuri fupi mbili za 1983, *The Bad Seed* na *Mutiny*, zilizorekodiwa studio za Hansa, jirani na ule Ukuta wa Berlin. Dramu zake hazina mbwembwe hata kidogo. Zinapigwa kama mtu anayepigilia msumari: polepole, pale pale, na kwa nguvu ile ile. Mpiga dramu wa kusomea angejaza nafasi. Yeye anaiacha nafasi wazi ili gitaa la Howard lipige kelele ndani yake.

Mwaka huo huo aliona yametosha. Bendi ilipokwenda ziara ya mwisho Australia yeye hakwenda nayo, na ikafia Melbourne mwezi Juni.

Kufikia mwisho wa 1983 Cave na Harvey walikuwa wameanza upya. Adamson alishika besi. Gitaa lilishikwa na Blixa Bargeld wa Einstürzende Neubauten, Mjerumani ambaye kundi lake lilikuwa likipiga mabati na mashine za ujenzi. Harvey akabaki kwenye dramu. Hao ndio waliokuja kuitwa Bad Seeds, na albamu yao ya kwanza, *From Her to Eternity*, ilitoka 1984.

Hesabuni sasa. Mwaka 1985 akaingia mpiga dramu, Thomas Wydler, kwa hiyo Harvey akaachia fimbo na kurudi kwenye gitaa na vinanda. Mwaka 1986 Adamson akaondoka, kiti cha besi kikawa tupu, Harvey akakikalia, na ndiye unayemsikia kwa sehemu kubwa kwenye besi la *Tender Prey* ya 1988. Mwaka 1990 akaja Martyn P. Casey kutoka The Triffids, mtu aliyezaliwa kupiga besi, basi Harvey akasogea tena kwenye gitaa.

Gitaa, dramu, gitaa na vinanda, besi, gitaa tena. Miaka minane. Kila alipohama ni kwa sababu mtu ameondoka au mtu bora wa ala ile amefika. Sioni mahali alipogombania kiti.

Na wakati huo huo, tangu 1985, alikuwa kwenye bendi ya pili, Crime and the City Solution ya mwimbaji Simon Bonney. Ndiyo maana Wenders alipowapiga picha wote, uso wake ukatokea mara mbili.

#4 Mpenda Solo

Mkuu heshima yako, uzi mzuri, ila nitakuwa mbishi kidogo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu ameshika matano. Mimi nikimsikia Rowland S. Howard, noti mbili tu nimeshamjua. Lile gitaa lina sauti kama kioo kinachopasuka mbali. Blixa ni hivyo hivyo, anakwaruza na unajua ni yeye. Harvey nitamtambua kwa kipi? Mtu anayeziba pengo ni muhimu kwa bendi, sikatai, lakini fundi wa kuziba pengo na msanii ni watu wawili tofauti.

#5 Mama Kinanda

Naomba niingie, maana mdogo wangu Mpenda Solo amegusa penyewe.

Mimi napiga kinanda kwaya ya kanisa, mwaka wa ishirini sasa. Sauti nne zikiimba, mwenye sauti ya kwanza ndiye anayesikika na kusifiwa. Lakini ukitaka kujua kama kwaya ina mwalimu, sikiliza sauti ya tatu. Wanaimba nini wakati wa kwanza ananyamaza? Hapo ndipo kazi ya mpangaji wa muziki inapoonekana.

Ichukueni *Your Funeral... My Trial* ya mwaka 1986. Bendi ilikuwa na watu wachache, na Harvey mwenyewe amepiga ala nyingi mno humo ndani: gitaa, besi, dramu, piano, ogani, zailofoni. Kuna wimbo mrefu unaitwa "The Carny", dakika nane hivi, habari ya sarakasi inayohama kwenye mvua. Mwendo wake ni wa tatu-tatu kama muziki wa kuzungushia farasi wa mbao wa watoto. Ogani inazunguka, vile vikengele vinagonga juu yake, na kila mzunguko unahisi kitu kimeoza kidogo zaidi. Cave anasimulia tu. Anayekutia hofu ni mpangaji. Nilipousikia mara ya kwanza nilizima taa za jikoni, nikausikiliza tena nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo swali la "nitamtambua kwa kipi", jibu langu ni hili: mtambue kwa kile ambacho hakipo. Nyimbo alizozipanga hazina kitu cha ziada. Ondoa ala moja, wimbo unachechemea.

#6 Tumba Kavu

Mama Kinanda nakushukuru, umenirudisha mbali.

Niliwahi kuwa kwenye bendi moja Morogoro, siitaji jina. Nilikuwa napiga tumba. Ijumaa moja mpiga dramu hakutokea, ukumbi umejaa, kiongozi akanigeukia akasema "kaa pale". Sikuwahi kukaa pale. Nilipiga mapigo mawili tu usiku mzima, kick na snea, kwa sababu sikujua mengine. Watu walicheza hadi saa kumi usiku. Kesho yake mpiga besi akaniambia hajawahi kupiga kwa raha kama jana, maana nafasi ilikuwa kubwa.

Sijifananishi na Harvey. Ila mleta uzi aliposema anaiacha nafasi wazi, nimeelewa kwa mikono, sio kwa kichwa.

#7 Nyuzi Sita

Tumba, simulizi yako naiweka mfukoni.

Mpenda Solo, sitakujibu leo, nitakujibu mwishoni kwa kumtumia Howard huyo huyo unayempenda.

Sasa mambo ya filamu. John Hillcoat, mwongozaji wa Australia, alitengeneza mwaka 1988 filamu ya gereza la jangwani, *Ghosts... of the Civil Dead*. Muziki wake ulifanywa na Cave, Bargeld na Harvey. Watatu hao wakarudi kwa Hillcoat mwaka 1996 katika *To Have and to Hold*, hadithi iliyowekwa Papua New Guinea, na safari hii kulikuwa na fidla nyingi, muziki mpana na wa huzuni. Harvey peke yake ndiye aliyetunga muziki wa *Chopper* ya Andrew Dominik mwaka 2000, kisha *Australian Rules* mwaka 2002, kisha *Suburban Mayhem* mwaka 2006. Muziki wa filamu ni mahali pake hasa. Pale hakuna mwimbaji wa kumtangulia na bado kazi ni ile ile aliyoizoea, kukisaidia kitu kingine kisimame.

Kazi za kuwasimamia wengine studio nazipitia haraka. Robert Forster wa The Go-Betweens alipotoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, *Danger in the Past* ya 1990, aliifanyia Berlin na Harvey akiwa prodyuza. Anita Lane, mwimbaji na mwandishi wa mashairi aliyekuwa karibu na kundi hili tangu Melbourne, albamu zake mbili, *Dirty Pearl* ya 1993 na *Sex O'Clock* ya 2001, zimepita mikononi mwa Harvey. Anita alifariki 2021. Ninaposikia sauti yake ile nyembamba ya kunong'ona nashukuru kwamba kulikuwa na mtu mwenye subira ya kumsubiri.

Lakini kazi ninayotaka tuitulie ni ya Serge Gainsbourg.

Gainsbourg alikuwa mtunzi wa Ufaransa, alizaliwa 1928 na kufa 1991. Nyimbo zake zimejaa mchezo wa maneno, maneno yanayogongana, matusi yaliyovikwa hariri. Kila mtu alisema hazitafsiriki. Harvey akakaa chini akazitafsiri kwa Kiingereza, akazipiga, akaziimba. *Intoxicated Man* ilitoka 1995 na *Pink Elephants* 1997. Upande wa kike aliimba Anita Lane, na ule wimbo wa mapenzi uliopigwa marufuku redio nyingi mwaka 1969 waliuimba Anita na Nick Cave kwa Kiingereza. Karibu miaka ishirini baadaye akarudi tena: *Delirium Tremens* 2016, na *Intoxicated Women* 2017, hii ya pili ikijaa nyimbo ambazo Gainsbourg aliwatungia waimbaji wa kike.

Albamu nne za mtu mwingine. Hebu fikirini.

#8 Malenga wa Pwani

Assalaam alaykum wanajamvi. Muziki wenu wa magitaa makali siujui, nimevutwa na neno tafsiri.

Ndugu yangu Nyuzi Sita, sisi tuliolelewa kwenye mashairi tunajua kutafsiri nathari ni kazi, kutafsiri ubeti ni adhabu. Una vina vya kati na vya mwisho, una mizani, na juu ya yote una maana. Ukishika maana, kina kinakimbia. Ukishika kina, maana inakuwa chapwa. Wimbo ni mgumu kuliko shairi la kusoma, kwa sababu pigo la muziki linakwambia silabi hii lazima iwe nzito na hii nyepesi. Kifaransa hukazia mwisho wa kifungu cha maneno. Kiingereza mkazo wake unarukaruka ndani ya neno. Sisi Kiswahili mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho, haubishani. Kwa hiyo mtu huyu alipokea nguo iliyoshonwa kwa mwili mwingine kabisa, na ilibidi aifumue nyuzi zote na kuishona upya bila kubadili rangi.

Nimeusikiliza "Bonnie and Clyde" wake mara tatu tangu asubuhi, na Kifaransa chake mara mbili. Vina ameviokoa vingi. Pale alipopoteza mchezo wa maneno hakulazimisha mchezo mwingine wa bandia, ameusema ukweli wa mstari kwa maneno mepesi. Hiyo ni adabu ya mtafsiri. Wengi wetu tukikosa kina tunaweka neno lolote lenye mlio, basi, na msomaji anapewa kokoto kwenye wali.

Swali langu: alianza kutafsiri kwa kuombwa na mtu?

#9 Nyuzi Sita

Wa alaykum salaam sheikh wangu. "Kokoto kwenye wali" nitalitumia.

Kilichomwongoza ni mapenzi yake kwa nyimbo zile. Wakati huo wasikilizaji wengi wa Kiingereza walimjua Gainsbourg kwa wimbo mmoja tu, na albamu hizo zimewafungulia mlango wengi. Mimi mwenyewe niliingilia hapo hapo, Kifaransa changu ni cha kuombea maji.

Nadhani swali lako linamjibu Mpenda Solo pia. Mtu asiye na sauti yake hawezi kutafsiri nyimbo hamsini na zaidi zikasikika kama za mtu mmoja.

Sasa PJ Harvey. Mick alianza kupiga katika *To Bring You My Love* ya 1995, akarudi kwenye *Is This Desire?* ya 1998. *Stories from the City, Stories from the Sea* ya mwaka 2000 ilisimamiwa studio na watatu: PJ mwenyewe, Rob Ellis na Mick. Ikashinda tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 2001. Kisha ikaja *Let England Shake* ya 2011. Waliirekodi mwaka 2010 ndani ya kanisa la kale la kijiji cha Eype, pwani ya Dorset, wiki tano hivi, PJ, John Parish, Mick na Jean-Marc Butty kwenye dramu, na prodyuza Flood akishirikiana nao. Ikashinda Mercury tena, na PJ akawa msanii wa kwanza kuichukua mara mbili.

Albamu ile inahusu vita, na sehemu kubwa ni Gallipoli ya 1915, mahali ambapo vijana wengi wa Australia na New Zealand waliuawa. Fikirini Mwaustralia aliyekaa kwenye benchi la kanisa la Kiingereza akiimba sauti ya nyuma kwenye nyimbo hizo. Sauti yake imekauka, haipambi. Kila nikiisikia natulia.

#10 Mtanga Melbourne

Naandika nikiwa Melbourne, nimekaa huku miaka tisa sasa, kazi yangu ni hospitali.

Nilipoona "Caulfield Grammar" nilishtuka, basi langu la asubuhi linapita upande ule. Na St Kilda, pale Fitzroy Street, kuna jengo la hoteli ya zamani ambalo ukumbi wake uliitwa Crystal Ballroom. The Boys Next Door walipiga pale mwisho wa miaka ya 1970, pamoja na karibu kila kundi la panki la mji huu. Nimelipita mara mia nikiona jengo tu. Jumapili nilisimama ng'ambo ya barabara nikiwa na mwanangu, nikamwekea wimbo mmoja masikioni. Ana miaka kumi na mbili. Akaniuliza, "Baba, kwa nini wanagombana?" Nikamwambia hawagombani, wanapiga muziki. Akasema, "Huyu wa nyuma hagombani." Nilikuwa nimemwekea *Mutiny*. Huyo wa nyuma ni dramu.

#11 Mpenda Solo

Mtanga, mtoto wako ana sikio, mlinde.

Nyuzi Sita, nimesoma yote na nimeanza kulegea, nakiri. Lakini umekwepa mwaka 2009. Kwa nini aliondoka Bad Seeds? Na nisamehe, bendi haikufa. Warren Ellis, mpiga fidla wa bendi, akapata nafasi kubwa zaidi, wakatoa *Push the Sky Away* 2013, na wengi wanaiheshimu sana. Kama alikuwa uti wa mgongo, mwili ulisimamaje?

#12 Nyuzi Sita

Haki yako kuuliza.

Tangazo lake lilitoka Januari 2009. Alitaja sababu za kibinafsi na za kikazi, wakati yeye na Cave walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka 36 hivi. Hakumtukana mtu. Miaka yote hiyo, pamoja na kupiga, alibeba mzigo mkubwa wa mipango ya bendi. Mtu akifanya hivyo tangu shule ya sekondari hadi miaka hamsini, nadhani anaruhusiwa kupumzika.

Na ndiyo, bendi ilisimama, ila kwa umbo jingine. Pigeni *Dig, Lazarus, Dig!!!* ya 2008 halafu hiyo ya 2013. Ya kwanza ni bendi ya watu saba ambao kila mmoja ana kona yake. Ya pili ni ukungu, mizunguko ya sauti ya Ellis inaelea na wengine wanaelea ndani yake. Ni nzuri, naipenda. Lakini zile kuta zilizonyooka zimeondoka na aliyekuwa akizijenga. Mwaka 1992 *Henry's Dream* ilipochanganywa na prodyuza David Briggs ikatoka wasivyotaka, waliorudi studio kuichanganya upya walikuwa Cave na Harvey. Kulikuwa na mtu anayejali kila ala imekaa wapi.

Sasa Howard, kama nilivyoahidi.

Rowland S. Howard alikuwa mtu wa shida. Albamu yake ya kwanza kwa jina lake, *Teenage Snuff Film*, haikutoka hadi 1999. Tafuta nani kapiga dramu. Ya pili na ya mwisho, *Pop Crimes*, ilitoka Oktoba 2009, Howard akiwa tayari anaumwa ini. Tafuta tena nani kapiga dramu.

Ni Harvey. Huo ulikuwa mwaka ule ule alioachana na Bad Seeds. Miaka 27 baada ya kukaa kwenye dramu Berlin kwa sababu hapakuwa na mwingine, alikaa tena nyuma ya Howard na kupiga vile vile, polepole, pale pale, ili lile gitaa la kioo lipate mahali pa kupasukia. Howard alifariki tarehe 30 Desemba 2009, ana miaka 50.

Mkuu, uliniambia unamtambua Howard kwa noti mbili. Unazisikia noti hizo mbili wazi kwa sababu kuna mtu nyuma aliyekataa kuzifunika.

Mwaka 2011 Harvey akatoa *Sketches from the Book of the Dead*. Alikuwa na albamu kwa jina lake kabla ya hapo, ikiwemo *One Man's Treasure* ya 2005, lakini zilijaa nyimbo za wengine. Hii ndiyo ya kwanza ambayo nyimbo zote ni zake mwenyewe. Alikuwa na miaka 52. Na nyimbo hizo zote ni za wafu, watu aliowajua na waliotangulia. Wimbo wa kwanza, "October Boy", ni wa Rowland, mzaliwa wa Oktoba.

#13 Mama Kinanda

Nimelazimika kusimamisha mazoezi ya kwaya niusome huu. Miaka 52 ndipo anatoa albamu yote ya nyimbo zake, na anawapa wengine. Kijana wa sauti ya tatu ameniuliza kwa nini natazama simu, nikamsomea.

#14 Mpenda Solo

Jana usiku niliiweka *Pop Crimes* kwenye spika kubwa. Nilijizuia nisisikilize gitaa. Mnajua ilivyo vigumu kwa mtu kama mimi. Nilishika dramu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, nikihesabu kwa kidole kwenye meza. Anapoweza kuingiza fili, yale mapigo ya ziada ya kujaza nafasi, haingizi. Mara moja tu nilidhani ataingiza, nikasubiri, akapita moja kwa moja, na sekunde hiyo hiyo gitaa likaingia.

Nimerudia mahali hapo mara sita.

Mkuu, hizo albamu za Gainsbourg nianze na ipi?

#15 Nyuzi Sita

Anza na *Intoxicated Man*. Ukimaliza, mwombe Malenga akusomee Kifaransa chake na tafsiri sambamba. Najua ameshaanza kuziandika kwa Kiswahili, kanitumia ubeti mmoja pembeni.

#16 Malenga wa Pwani

Umenianika ndugu yangu. Ni ubeti mmoja na nusu. Nusu hiyo inanisumbua siku ya nne sasa, kina kinataka "-ani" na maana inataka neno lingine kabisa. Nikilipata nitalileta.